Pikipiki ikisimama, joto bado linatembea: namna moteri inavyopata joto na inavyopoa

Pikipiki inafika parkingi, motari anazima kontakti, mteja anashuka na kulipa. Kwa macho, kazi imekwisha. Lakini ndani ya chuma kazi moja inaendelea: joto lililokusanyika njiani linatafuta mlango wa kutoka. Dakika zinazofuata ndizo zinazounguza miguu ya abiria na vidole vya watoto. Ndizo pia dakika ambazo kadhafi anamimina esanse juu ya tanki, na motari mwingine anamwagia moteri maji ya baridi akifikiri anaisaidia.

Katika miji na vijiji vyetu vya mashariki, pikipiki ndiyo gari la watu wengi. Inabeba mgonjwa, mwanafunzi, gunia la makala na kasha la bia. Kujua namna joto lake linavyoingia na kutoka kunalinda ngozi ya mtu, na kunalinda pia mfuko wa motari.

Joto linatoka wapi?

Ndani ya silinda, esanse iliyochanganyika na hewa inawashwa na buji. Moto unaotokea unaweza kupita digrii 2,000. Moteri ya pikipiki nyingi za kwetu ni ya aina ya misukumo minne, maana yake esanse inawaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kama moteri inazunguka mara 6,000 kwa dakika, esanse inawaka mara 3,000, ni kusema mara 50 kila sekunde.

Sasa, aliminyumu ambayo pistoni na kichwa cha silinda vimetengenezwa nayo inayeyuka kwenye digrii 660 hivi. Mbona moteri haiyeyuki? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mwako unadumu kitambo kidogo sana, kisha hewa mpya na esanse baridi vinaingia. Ya pili, joto linaondolewa bila kupumzika. Siku hilo joto litakosa njia ya kutoka, moteri inaanza kujila yenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Esanse unayonunua haiendi yote kwenye gurudumu. Kwa makadirio, ukinunua lita nne, lita moja tu hivi ndiyo inayosukuma pikipiki. Nguvu ya zile tatu nyingine inageuka joto: sehemu inatoka kupitia bomba la moshi, sehemu inapita katika chuma na mafuta ya moteri. Kwa hiyo pikipiki yenye joto si pikipiki mbovu. Kutoa joto ni sehemu ya kazi yake ya kila siku.

Upepo na mafuta, wapozaji wawili

Pikipiki zinazofanya kazi ya taksi kwetu, kama Boxer na TVS za silinda moja, nyingi zinapozwa na hewa. Tazama silinda yake: imezungukwa na mapezi ya chuma, membamba, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Hayakuwekwa kwa kupamba. Joto linaingia katika kila pezi, na upepo wa safari unapita katikati yake na kulibeba. Mapezi yakiwa mengi, nafasi ambayo upepo unaigusa inakuwa kubwa.

Mpozaji wa pili ni mafuta ya moteri. Watu wengi wanajua kwamba mafuta yanalainisha. Lakini yanafanya kazi nyingine pia: yanapita chini ya pistoni na kwenye kichwa cha silinda, yanachukua joto pale ambapo upepo haufiki, yanalishusha chini kwenye kikasha cha moteri, halafu yanarudi tena. Pikipiki hizi ndogo zinabeba lita moja hivi tu ya mafuta. Ikibaki nusu, hiyo nusu inafanya kazi ya lita nzima. Inapata joto kupita kiasi, inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinaanza kusagana.

Pikipiki kubwa nyingine ziko na radiateri: maji yenye dawa yanazunguka moteri na kupozwa mbele. Zile ziko na kipepeo cha umeme ambacho mara nyingine kinaendelea kuzunguka hata kama umezima moteri. Usishangae, kinamaliza kazi. Jambo moja tu la kukumbuka: kifuniko cha radiateri hakifunguliwi ikiwa bado moto. Maji yale yamefungwa kwa presha, na ukiyafungulia yanaruka usoni yakichemka.

Mlima, mzigo na matope

Kama mpozaji ni upepo, basi adui wa kwanza ni kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Na hilo ndilo barabara zetu zinalolazimisha. Fikiria motari anayepanda Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi, akiwa na abiria na mizigo. Anapanda kwa vitesi ya kwanza ao ya pili, gazi imefunguka sana, esanse inawaka kwa wingi, lakini pikipiki inakwenda karibu sawa na mtu anayekimbia. Joto linaingia kwa wingi, upepo ni kidogo. Ni hivyo hivyo kwenye Kabasha kule Kivu ya Kaskazini, na kwenye matope ya msimu wa mvua ambapo gurudumu linazunguka na pikipiki haisongi.

Urefu wa nchi nao una neno lake. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Butembo iko juu zaidi. Katika urefu huo hewa ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na pwani. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo zaidi, na moteri inapoteza nguvu, kwa hiyo motari anaifinya zaidi ili apande. Bahati yetu ni kwamba huko juu kuna ubaridi. Kule chini, kwenye bonde la Ruzizi na Uvira, hewa ni nzito zaidi lakini jua ni kali.

Kisha kuna mambo tunayojifanyia wenyewe:

- Matope yaliyokauka katikati ya mapezi. Yanakuwa kama blanketi. Moteri inavalishwa koti na kuambiwa ipoe.
- Magunia ya makala ao bidoni zinazoning'inia pembeni hadi zinaziba moteri. Upepo unapita nje, haugusi silinda.
- Ambreyaji inayoteleza na freni inayokwama. Moteri inafanya kazi kubwa, gurudumu linapata kidogo, kinachobaki ni joto.
- Karburateri iliyofungwa esanse sana "kusudi isikule mafuta mingi". Mchanganyiko wenye hewa nyingi na esanse kidogo unaongeza joto kwenye silinda. Franga unayookoa kwenye esanse unaweza kuilipa kwenye pistoni.

Wakati wa kuteremka mambo yanageuka. Gazi imefungwa, upepo ni mwingi, moteri inapoa. Lakini joto limehamia kwenye freni, kwa sababu ndizo zinazozuia uzito wote. Ndiyo maana mafundi wanashauri kuteremka ukiwa katika vitesi ndogo, moteri isaidie kuzuia, wala usizime moteri na kuachilia pikipiki iteremke yenyewe. Freni iliyochemka sana inapoteza nguvu ya kushika.

Nini kinatokea ukizima moteri?

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wengi wanafikiri kwamba ukizima kontakti, kila sehemu inaanza kupoa palepale. Hapana.

Wakati wa safari, sehemu ya ndani, yaani pistoni, valvu na kichwa cha silinda, ziko na joto kubwa kuliko sehemu ya nje. Mapezi ya nje yanapigwa na upepo, kwa hiyo yanabaki chini. Kichwa cha silinda cha moteri ya hewa inayofanya kazi ngumu kinaweza kuwa na digrii 150 hadi 200. Ukisimama, moto wa ndani umezimika, ni kweli, lakini upepo nao umesimama, na mafuta hayazunguki tena. Joto lililokuwa limejificha ndani linatembea kwenda nje, na huko nje hakuna wa kulipokea. Matokeo: katika dakika za kwanza sehemu nyingine za nje, pamoja na karburateri, zinapanda joto kuliko zilivyokuwa pikipiki ikitembea.

Baada ya hapo ndipo kupoa kunaanza kweli. Kunakwenda haraka mwanzoni, kisha polepole. Hii ni kanuni ya maumbile: kitu chenye joto kubwa kinapoteza joto kwa kasi, na kadiri kinavyokaribia joto la hewa inayokizunguka, kasi inapungua. Sufuria ya ugali iliyotolewa kwenye mbabula inafanya vilevile. Dakika za kwanza inapoa kwa wazi, lakini uvuguvugu unakaa muda mrefu.

Tena vyuma havipoi pamoja. Bomba la moshi ni jembamba, linapata joto upesi na kupoa upesi. Mwili wa moteri ni mnene, umebeba mafuta ndani, unatunza joto muda mrefu. Kuna pikipiki ambazo baada ya nusu saa bomba lake linashikika, huku moteri bado ina uvuguvugu wa kutosha. Lakini muda haufanani. Upepo, mvua, jua, na urefu wa safari vyote vinabadilisha hesabu. Pikipiki iliyotoka kupanda mlima na kuegeshwa juani itachelewa kuliko ile iliyozunguka mtaani na kuwekwa kivulini.

Na ule mlio wa "tik, tik, tik" unaosikika baada ya kuzima? Sio ugonjwa. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinarudi nyuma. Bomba la moshi na vyuma vinavyolizunguka vinarudi kwa kasi tofauti, vinasuguana, vinalia. Mlio ukipungua, ujue kupoa kunaendelea. Ukiusikia bado, ni alama kwamba chuma hakijafika pa kushikwa.

Kwa nini mara nyingine inakataa kuwaka?

Motari anasimama dakika kumi kumngoja mteja, kisha anapiga kiki, pikipiki inakataa. Akingoja kidogo, inawaka. Mara nyingi chanzo ni lile joto linalotembea. Limefika kwenye karburateri, esanse iliyokuwa ndani imegeuka mvuke, na mchanganyiko umeharibika. Hapo usifunge hewa kama unavyofanya asubuhi ya baridi. Fungua gazi kidogo, piga kiki, ao ngoja dakika chache kivulini. Kama inarudia kila siku, peleka kwa fundi, kwa sababu buji iliyochoka ao valvu zisizo sawa nazo zinaleta shida hiyo hiyo.

Kuizima ao kuiacha izunguke?

Kwenye parkingi mabishano haya hayaishi. Wengine wanasema baada ya mlima uiache izunguke polepole kusudi ipoe. Wengine wanasema uzime palepale. Kwa pikipiki inayopozwa na hewa, kuiacha izunguke imesimama hakusaidii sana: mafuta yanazunguka, ndiyo, lakini upepo haupo na esanse inaendelea kuwaka ndani. Njia nzuri zaidi ni kuanza kuipoza ukiwa bado njiani. Kwenye kipande cha mwisho, pale barabara inaponyooka, tembea kwa gazi ndogo, upepo upige mapezi. Ukifika, zima, weka kivulini, mahali penye hewa.

Makosa matatu yanayogharimu

La kwanza ni maji ya baridi juu ya moteri moto. Motari anatoka mlimani, anakuta mto ao kisima, anamwaga. Chuma kilichotanuka kinalazimishwa kurudi ghafla, sehemu moja kabla ya nyingine. Kinaweza kupinda ao kupata ufa, na viungo vinaanza kutoa mafuta. Tena mvuke unaoruka unaunguza mikono. Kuosha pikipiki ni vizuri, hasa kutoa matope kwenye mapezi, lakini ngoja ipoe kwanza. Mvua ya njiani ni jambo lingine: inaanguka kidogo kidogo wakati upepo unapita.

La pili ni esanse. Kwetu esanse nyingi inauzwa kwenye chupa na bidoni, kando ya barabara. Kadhafi anamimina, moteri haijazimwa ao imezimwa sasa hivi, na tanki liko juu kabisa ya kichwa cha silinda. Esanse inatoa mvuke hata wakati wa baridi, na mvuke huo unashika moto kwa cheche ndogo tu. Ikimwagika kwenye chuma chenye joto, inageuka mvuke kwa wingi mara moja. Karibu hapo mtu anavuta sigara, ama mama anachoma mahindi. Kwa hiyo: zima moteri, abiria ashuke, ngoja dakika chache, tumia faneli, mimina polepole. Ikimwagika, pangusa na usipige kiki mpaka ikauke. Na usijaze mpaka mdomoni, kwa sababu esanse nayo inatanuka ikipata joto.

La tatu ni kuingiza pikipiki ndani ya nyumba ikiwa bado moto. Wengi wanafanya hivyo usiku kwa kuogopa wezi, na tunawaelewa. Lakini joto la moteri linapandisha mvuke wa esanse, na katika chumba kidogo chenye mbabula ao mshumaa hatari iko wazi. Iache nje ipoe kwanza huku ukiiangalia, funga robine ya esanse, kisha iingize mbali na moto na mbali na kitanda cha watoto. Usiifunike kwa turubai ao nguo ikiwa bado moto. Na moteri isiwashwe kamwe ndani ya nyumba: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini.

Bomba na mguu wa abiria

Chuma chenye digrii 70 kinaweza kuunguza ngozi kwa sekunde moja hivi. Bomba la moshi linapita hapo mbali sana. Kwa pikipiki nyingi za kwetu bomba liko upande wa kuume, ndiyo maana kovu nyingi za abiria ziko kwenye mguu wa kuume. Mama aliyevaa kikwembe, mtoto aliyekaa katikati, mtu asiyezoea, hao ndio wanaopatwa zaidi. Panda na shuka upande wa kushoto. Na wewe motari, sema: "Mama, shukia huku, huko bomba iko moto." Maneno hayo machache yanalinda mteja wako. Kama kinga ya bomba imeanguka, irudishe. Na usiegeshe pikipiki mahali watoto wanachezea, ao juu ya majani makavu.

Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si majivu wala yai: vitu hivyo vinatunza joto ndani ama vinaleta uchafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha linapita kiganja cha mgonjwa, kama liko kwenye kiungo ao usoni, ao kama ni mtoto mdogo, nenda kituo cha afya. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Alama kwamba joto limepita kiasi

Moteri inayozidiwa inasema kabla ya kufa. Inapoteza nguvu mlimani ingawa gazi imefunguka. Inagonga kwa ndani kama mawe kwenye kopo. Vitesi zinakuwa ngumu kuingia. Kuna harufu ya mafuta yaliyoungua. Mara nyingine unazima kontakti na inaendelea kuzunguka kidogo. Ukiona hayo, usilazimishe. Simama kivulini, shusha mzigo, zima, ngoja nusu saa, kisha angalia mafuta.

Na kuangalia mafuta nako kuna wakati wake. Ukizima tu, sehemu ya mafuta bado iko juu kwenye moteri, kipimo kitakudanganya. Simamisha pikipiki wima mahali sawa, ngoja dakika chache yateremke, ndipo uangalie kwenye kijiti ao kioo. Kwa kubadilisha mafuta, moteri iwe na uvuguvugu: mafuta yanatiririka vizuri na kubeba uchafu. Lakini isiwe imetoka safari ndefu sasa hivi, kwa sababu mafuta ya digrii 90 yakikumwagikia mkononi yatakupeleka hospitali.

Kwa kifupi, ndugu motari na ndugu abiria: safisha mapezi, tunza mafuta, punguza gazi kabla ya kufika, na uhesabu dakika kumi za kwanza baada ya kuzima kama sehemu ya safari. Katika dakika hizo usimwage maji, usimimine esanse kwa haraka, na usimruhusu mtoto asogee. Kuipa moteri nafasi ya kupoa hakukugharimu hata franga moja.